Reli ya mezani nayo iwe na taa nyekundu

Mfano mdogo wa reli uwekwao mezani kwenye mabanda ya maonyesho huvutia macho. Kichwa cha treni kinang'aa, nyasi ni za kijani zisizo na vumbi, na treni huzunguka bila kusimama. Mfanyabiashara anayepeleka mzigo Kapiri Mposhi au Kampala hupiga picha na kuondoka. Kuhusu mzigo wake, hakujifunza lolote.

Hoja yangu ni kwamba vyuo vya reli, mashirika ya reli na vituo vya pamoja vya mipakani katika ukanda wetu vinahitaji mifano hiyo, lakini iwekewe ishara zinazofanya kazi, taa za usiku na mandhari ya kweli. Bila vitu hivyo vitatu, fedha yetu inanunua pambo.

Wapo watakaosema hiki ni kichezeo. Uingereza haikukiona hivyo. Mwaka 1912 ilijengwa reli ndogo ya mafunzo kwa ajili ya kampuni ya reli ya Lancashire and Yorkshire, na waongozaji wa ishara wakafundishwa juu yake katika stesheni ya Manchester Victoria hadi miaka ya 1990. Leo imehifadhiwa katika makumbusho ya taifa ya reli mjini York. Mwanafunzi aliyekosea pale aligonganisha treni za mezani, akarekebishwa, akarudia. Hakuna aliyezikwa.

Tuanze na ishara. Njia ya reli hugawanywa vipande, na kila kipande huruhusiwa treni moja tu. Taa ya nyuma yake hubaki nyekundu mpaka treni hiyo itoke. Mezani, kila kipande hutengwa kwa umeme wake. Treni ikiingia, kifaa kidogo huhisi umeme ukitumika na kuwasha nyekundu.

Sehemu kubwa ya reli zetu ni za njia moja, kwa hiyo treni hupishana stesheni tu. Mfanyabiashara akiona treni ya mizigo imewekwa pembeni ikisubiri ya abiria ipite, ataelewa saa zake zinapotelea wapi. Asiyejua huambiwa "mzigo uko njiani" akaridhika. Anayejua huuliza: umesimama stesheni gani, na unasubiri treni ipi?

Pili ni taa. Mjini Hamburg, Ujerumani, kuna Miniatur Wunderland, reli ndogo ya ndani ya jengo iliyofunguliwa mwaka 2001. Humo usiku huingia kila baada ya takriban dakika 15, na maelfu ya taa ndogo huwaka. Watu hulipa kiingilio kuutazama usiku huo. Kwetu sisi ungekuwa somo, kwa sababu mizigo husafiri usiku pia.

Kwa fundi, kanuni ni rahisi: taa ndogo ya LED ipitishiwe rezista isije ikaungua, na mwanga wa stesheni uwe wa njano hafifu, usimulike chumba kizima. Jambo kubwa zaidi ni kuacha giza pale lilipo kweli. Kivuko cha reli na barabara kisicho na geti wala taa kibaki hivyo hivyo mezani. Mwenye bodaboda aliyepakia magunia aone jinsi dereva wa treni anavyomwona, yaani dakika ya mwisho, au asimwone kabisa.

Tatu ni mandhari, na hapa ndipo ukweli hupimwa. Katika kipimo cha 1 kwa 87, kontena la futi 40 huwa na urefu wa sentimita 14. Lakini TAZARA yenye kilomita 1,860 ingehitaji zaidi ya kilomita 21 za reli ndogo. Hakuna chumba cha namna hiyo, hivyo ni lazima kuchagua cha kuonyesha. Nasema tuchague mahali mzigo unaposimama.

Chukua Kidatu. Reli ya TAZARA ina upana wa milimita 1,067, na reli ya kati ya zamani milimita 1,000. Tofauti ni milimita 67, lakini inatosha kulazimisha mzigo uhamishwe kutoka behewa hadi behewa. Mezani tofauti hiyo haifiki hata milimita moja. Fundi mvivu atatandika reli za aina moja, na treni itapita Kidatu kama hakuna kitu. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Mfano huo utakuwa umeficha kitu kile kile kinachomgharimu mfanyabiashara winchi, vibarua na siku zake. Naivasha ni vivyo hivyo, ambako mzigo wa Uganda hutoka reli ya milimita 1,435 na kuingia ile ya mita moja kuelekea Malaba. Pawekwe winchi, makontena yaliyopangana, foleni ya malori na kibanda cha mama lishe.

Gharama isiwe kisingizio. Vilima hujengwa kwa magazeti yaliyolowekwa kwenye gundi, nyasi kwa unga wa mbao uliotiwa rangi na nyuzi za katani, kokoto kwa mchanga uliochekechwa. Kazi ya taa na nyaya, mafundi redio wetu wanaiweza.

Kwa hiyo vyama vya wafanyabiashara vikialikwa tena kwenye kikao cha wadau na kuonyeshwa reli ya mezani, viulize maswali matatu. Taa nyekundu iko wapi? Usiku inakuwaje? Mzigo wangu unashushwa wapi? Shirika lenye majibu hayo mezani ndilo lililo tayari kukaa nasi kuzungumzia nauli ya mizigo na ratiba.