UKURASA WA PASTA: Mu nyumba yako kuko kitabu gani?

Mwezi huu sitaandika juu ya ndoa wala juu ya madeni. Ninapenda kuwaelezea vitabu nilivyosoma siku hizi, sababu wengi wananiuliza: "Pasta, wakati wa kusoma unautosha wapi?"

Wakati haujileti, sharti kuukata. Mimi ninasoma asubui, mbele watu wa nyumba hawajaamuka, nusu saa tu. Kama umeme umekatika, ninawasha taa kidogo. Niko na kaye moja, ndani yake ninaandika mambo matatu: nimejifunza nini, nimekataa nini, neno gani sikulifahamu. Kitabu cha kukopa siandiki ndani, na ninakirudisha.

Kitabu cha kwanza ni cha Chinua Achebe wa Nigeria, cha mwaka 1958. Kwa Kifaransa kinaitwa Le monde s'effondre, kwa Kiswahili Shujaa Okonkwo. Okonkwo ni mutu wa nguvu, lakini anaogopa watu wasimuone kuwa muzaifu. Juu ya woga ule anasaidia kumuua mutoto aliyekuwa anamuita baba. Ninyi wababa, musome pale pole pole. Na sisi wachungaji tuko na fundisho letu: mumisionere wa kwanza, Brown, alisikiliza wenyeji, Smith aliyemufuata hakusikiliza, na kijiji kikaharibika zaidi.

Kitabu cha pili ni cha kwetu kabisa. Mu mwaka 1965 André Yav aliandika historia ya Elisabethville, ndio Lubumbashi ya leo. Aliiandika kwa Kiswahili chetu hiki cha muji, kwa ajili ya chama cha maboyi wa zamani. Anaeleza maisha ya watu waliopika na kufua mu nyumba za wazungu. Mu mwaka 1990 mwalimu Johannes Fabian aliichapisha. Maandiko yake hayakuwa rahisi, ilibidi yasomwe kwa sauti ndipo maana ikatokea. Basi musiseme tena: "Historia ni ya wale waliosoma sana."

Sasa wewe kijana wa kariyeri, nikuambie neno. Mwenzako mumoja alinicheka: "Pasta, kitabu haiivishi bukari!" Nilinyamaza. Mwezi ule ule akaniletea karatasi, munuaji wa mawe alitaka aisaini. Ilikuwa ya Kifaransa, kurasa mbili. Tulisoma mustari kwa mustari. Kwa ukurasa wa pili iliandikwa kama akikosa kuleta mawe yote kwa siku ile, pikipiki yake inabakia kwa munuaji. Yule kijana alikunja karatasi, hakusaini. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini: "Pasta, utanifundisha?" Sasa anakuja kila siku ya posho, mangaribi. Anasoma bado kwa kidole, lakini anasoma. Pikipiki yake iko, na inalisha watoto wawili.

Ndugu zangu, mutu asiyesoma anasomewa, na anayemusomea anaweza kuruka mustari. Haiko lazima mununue vitabu kumi. Mupate kimoja, mukopeshane na jirani. Kisha chakula cha mangaribi, mutoto asome ukurasa mumoja kwa sauti, wakubwa wasikilize. Mama asiyefika masomo asione haya: asikilize, aulize maana. Na mutoto akikosa neno, musimucheke.

Mwezi unaokuja ninaanza Entre les eaux, kitabu cha mwaka 1973 cha Mudimbe, mwana wa Likasi, aliyezaliwa kule mu mwaka 1941. Ninyi mutaanza kipi? Mutuandikie, tutachapa majibu yenu mu ukurasa huu.

Mubakie na amani.