Mvinyo wa Dodoma Usifungiwe Njia ya Dar es Salaam

Wako watumishi wa umma ambao hadi leo huamini kwamba bidhaa ya mkulima haiwi salama mpaka ipite mikononi mwa mtu wa kati. Imani hiyo ni kongwe, na imekwisha kuligharimu Taifa. Sasa inajitokeza tena katika suala la mvinyo wa Dodoma.

Zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, neema ambayo nchi nyingi zenye sifa ya mvinyo hazinayo. Lakini zabibu iliyoiva haimsubiri mtu. Ikikosa mnunuzi kwa siku chache huoza, na mkulima wa Hombolo au Mpunguzi hulazimika kuikubali bei yoyote atakayotajiwa. Njia ya kujiokoa ni kuikamua na kuuza mvinyo wenyewe, kwa maana mvinyo hukaa. Hapo ndipo mlolongo unapoanza. Sheria ya Vileo ya 1968 iliandikwa kwa kufikiria baa na duka, na leseni yake imefungwa kwenye jengo. Shirika la Viwango lina masharti yake. Tangu Januari 2019 kila chupa yatakiwa kuwa na stempu ya kielektroniki. Na abebaye vifurushi vya watu kwa malipo, hata akiwa mwenye basi la abiria, yampasa kuwa na leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano. Kila sharti lina sababu yake. Yakijumlishwa pamoja, mkamuaji mdogo huishia kuuza mchuzi wa zabibu kwa mwenye kiwanda, ambaye ndiye atakayebandika jina lake.

Huku Dar es Salaam, maduka ya katikati ya Jiji yamejaza rafu mvinyo wa Afrika Kusini. Mwananchi anayetaka kuagiza chupa sita kwa mkamuaji wa Dodoma, zije kwa basi au treni, anauliza kwa nini iwe shida, wala hakosei kuuliza. (Asiyekunywa hashawishiwi hapa kuanza, suala ni jasho la mkulima.)

Watetezi wa vikwazo husema wanalinda afya. Hoja hiyo si ya kubezwa. Serikali ilifanya vyema kupiga marufuku viroba tarehe 1 Machi 2017. Lakini viroba vingi vilitoka katika viwanda vyenye leseni, vikapita kwa wauzaji wa jumla wenye leseni, na bado vikawafikia wanafunzi. Mtu wa kati hakumlinda yeyote. Ama hoja ya mapato, stempu ikiwa imebandikwa na kodi imelipwa, Hazina inapungukiwa nini chupa ikienda moja kwa moja kwa mnywaji?

Wenye umri wanakumbuka vizuizi vya barabarani. Shirika la Usagishaji la Taifa lilipohodhi biashara ya nafaka, mwananchi alikatazwa kusafirisha zaidi ya kilo 30 bila kibali. Nia ilikuwa kumbana mlanguzi. Kilichotokea ni kwamba mahindi yalisafiri usiku, hongo ya kizuizini ikaongezwa juu ya bei, na mama wa Kariakoo akailipa. Mwaka 1984 Serikali ilipandisha kiwango hadi kilo 500, na mwaka 1987 ikaondoa vizuizi hivyo. Mwaka 2017 ikafuta ushuru kwa mazao yasiyozidi tani moja yanayohamishwa kati ya halmashauri. Hatua zote hizo zilimsogeza mkulima karibu na mlaji. Mvinyo pekee umeachwa nyuma.

Wafanyabiashara wa Kariakoo walipofunga maduka Mei 2023, mojawapo ya malalamiko yao ilikuwa kamatakamata ya wateja wakiwa na mizigo waliyokwisha kuinunua. Walijua kwamba anayemzuia mnunuzi njiani amemfilisi muuzaji. Mkamuaji wa Dodoma hana mtaa wa kufunga ili asikike.

Kinachotakiwa hakihitaji tume. Halmashauri iliyo karibu na shamba itoe leseni moja ya mkamuaji mdogo, yenye haki ya kupeleka chupa zilizopimwa na kubandikwa stempu kwa mtu mzima aliyeziagiza, popote alipo nchini. Na atakayezipokea Kariakoo aonyeshe kitambulisho cha Taifa kabla ya kukabidhiwa.