Tunalipia Hadi Upepo

Mito ya Ruvubu na Kagera inakutana pale kwenye maporomoko ya Rusumo, ngurumo yake inasikika, na bado Ngara watu wanakesha na ndoo wakisubiri bomba likohoe. Biharamulo ni hivyo hivyo. Basi mtuwie radhi tukilalamika kwamba hayo maji machache yanayofika nayo yanaishia ardhini.

Tunaambiwa bomba kabla ya mita ni mali ya mamlaka ya maji, baada ya mita ni mali yako. Sawa. Bomba lako likipasuka chini ya migomba, kila uniti inayopotea ni madumu 50 ya lita 20, na mlipaji ni wewe. Likipasuka la barabarani, tunapiga simu: fundi yuko njiani. Akina mama wanafulia pale, bata wanaogelea, fundi yuko njiani.

Upande wetu tumeshajifunza. Wote wakishalala, funga koki zote, andika namba za mita hadi zile nyekundu, kisha soma tena alfajiri kabla ya mtu kuchota. Zikisogea, kuna mahali panavuja. Mwenye choo cha kuvuta, mimina chai ya rangi iliyokolea ndani ya tanki lake. Baada ya nusu saa ukiona rangi bakulini, ule mpira wa chini umechoka. Tazama na boya la simtanki. Halafu zunguka shambani: mgomba mmoja ulionawiri peke yake kiangazi hiki hakuna aliyeuroga, chimba hapo.

Shida ni kwamba kipimo hicho cha mita kinataka maji yawepo usiku kucha. Yakikatika saa nne na kurudi saa tisa, kinachotangulia ni upepo, na upepo nao unazungusha mita. Uvujaji utaupimaje hapo? Na hivi vilima vyetu navyo! Usiku, uchotaji ukipungua, presha inawafumulia viungo vya mabomba walioko bondeni. Walioko juu wanapuliziwa hewa, na mwisho wa mwezi wote wanapata bili.

Semina ya kubana matumizi hatuitaki tena. Anayeteka kwa dumu ameshabana. Vali za kutoa hewa na za kupunguza presha wahandisi wanazijua tangu zamani. Zije na huku Kabanga na Nyakahura, na huyo fundi aliyeko njiani azipakie kwenye pikipiki yake.