Karani wa Simu Tumchague Wenyewe



Siku hizi fedha zetu hupita kwenye simu. Mwizi naye amehamia huko: anatuma anwani ya uongo, unabonyeza, unaandika namba ya siri, jasho la mwezi limekwenda.

Kila simu hutumia karani aitwaye DNS, anayegeuza jina la tovuti kuwa namba. Kwa kawaida huyo ni karani wa kampuni ya simu. Lakini twaweza kuchagua mwingine. Quad9, shirika lisilotafuta faida lenye makao Uswisi tangu 2021, hukataa bila malipo kufungua tovuti zinazojulikana kuwa za wizi. Kwenye Android 9 au zaidi, ingia katika mipangilio, palipoandikwa DNS privé, uandike dns.quad9.net. Mwenye watoto aandike family.cloudflare-dns.com, huzuia na picha chafu.

Karani huyu hamzuii mlaghai anayekupigia simu kuuliza namba ya siri. Basi tuwe macho, na katika kila mkutano wa chama anayejua amwonyeshe asiyejua. Mwizi humvizia aliye peke yake.