Tunachokifuata kwenye mahekalu ya watu

Ndugu zangu wa Mji Mkongwe,

Kila mimi na mume wangu tukituma picha za safari zetu huku Korea, swali linarudi lile lile, hasa kutoka kwa Bi Mkubwa na mashangazi: mnafuata nini kwenye mahekalu ya watu? Swali ni la haki, na jibu lake halienei kwenye ujumbe wa simu. Ndiyo maana nimekaa kuandika.

Kwanza niwaondoe shaka. Tunakwenda kama wageni. Tunavua viatu mlangoni, tunashusha sauti, na wenyewe wakiinama sisi tunasimama kando. Wakati wa sala ukifika tunatafuta pembe tulivu tunasali. Kinachotuvuta ni jinsi Wakorea walivyoyarudisha majengo yao baada ya moto, vita na ukoloni, na jinsi wanavyoyatunza hadi leo.

Tazameni kasri la Gyeongbokgung, hapa hapa Seoul. Lilijengwa mwaka 1395, likateketea 1592 Wajapani walipoivamia nchi, likabaki gofu kwa zaidi ya miaka 270 hadi lilipoinuliwa tena 1867. Japani ilipoitawala Korea kuanzia 1910, majengo mengi ya kasri yalivunjwa, na mbele ya ukumbi wa kiti cha enzi wakoloni wakasimamisha jumba kubwa la serikali yao, lililokamilika 1926. Wakorea walilibomoa jumba hilo katikati ya miaka ya 1990, na kasri wanalirudisha jengo moja baada ya jingine. Ukivaa hanbok, vazi lao la asili, unaingia bila kulipa. Zile picha zilizowachekesha, mimi na sketi pana na mume wangu na kofia nyeusi ya ukingo mpana, zilipigwa hapo.

Kisha tulishuka kusini hadi Gyeongju, kwenye hekalu la Bulguksa, lililoanza kujengwa mwaka 751. Mbao zake ziliungua 1593, lakini ngazi na minara ya mawe ilivuka moto ule. Majira ya majani kupukutika, milima inayolizunguka hugeuka nyekundu na manjano, na kila ukipanda ngazi unaiona rangi mpya. Mume wangu, asiyependa kutembea, siku hiyo ndiye aliyekataa kuondoka.

Safari iliyonikaa moyoni zaidi ni ya Haeinsa, hekalu lililo juu ya mlima Gaya. Humo mna vibao vya mbao zaidi ya 81,000, vilivyochongwa karne ya 13 wakati Wamongolia walipoishambulia nchi, na kila kibao kimechongwa maandiko ya Kibudha pande zote mbili. Maghala yanayovihifadhi ni ya karne ya 15. Madirisha ya ukuta wa mbele na wa nyuma yametofautiana ukubwa, juu na chini, ili upepo uingie, uzunguke, kisha utoke. Sakafu imeshindiliwa udongo uliochanganywa na makaa, chumvi na chokaa, ili ivute unyevu hewa inapokuwa nzito na kuurudisha inapokauka. Mwaka 1951, vita vya Korea vikiwa vimepamba moto, rubani Kim Young-hwan aliamriwa ashambulie eneo hilo kwa mabomu. Akakataa. Nilichungulia ndani nikiwa nje, nikawaza: chokaa, makaa, chumvi, hivi vyote sisi tunavyo.

Sasa niwape funzo lililotugharimu usingizi. Sungnyemun, lango kuu la kusini la Seoul, lilichomwa moto Februari 2008. Michoro yake yenye vipimo ilikuwapo, fedha zilipatikana, mbao zilipatikana, na 2013 likafunguliwa tena. Miezi michache tu baadaye rangi zikaanza kubanduka. Uchunguzi ukaonyesha kwamba rangi na gundi za kisasa zilichanganywa na zile za asili. Ufundi wa zamani wa kuandaa rangi hizo ulikuwa umekatika kwa miaka mingi. Hayo yametokea katika nchi ambayo tangu 1962 ina sheria ya kulinda urithi, na ambayo huwapa mafundi wake mabingwa posho ya kila mwezi kwa sharti la kufundisha wengine. Ikiwa wao wamepoteza, sisi je?

Habari za Beit al-Ajaib zilitufikia tukiwa huku. Jumba alilolijenga Sayyid Barghash mwaka 1883, katika mji ulio kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 2000, lilibomoka sehemu Desemba 2020 na watu wakapoteza maisha. Tulilia. Lakini machozi hayashiki boriti. Nyumba zetu ndogo nazo zinaliwa polepole: kuta za mawe ya matumbawe na chokaa tunazipiga lipu ya saruji, unyevu unakosa pa kutokea, boriti za mikoko zinaoza ndani ya ukuta, na siku moja dari inashuka.

Kwa hiyo ninawaomba. Anayetaka kutengeneza ukuta, aache saruji, amtafute fundi anayejua chokaa. Vijana, kaeni na mafundi wazee wangali hai. Warekodini kwa simu wanapochoma matumbawe, wanapoiozesha chokaa, wanapopanga boriti. Pimeni nyumba zenu na mpige picha kila chumba.

Nasi tuliopo nje tusijivue wajibu. Tunatuma fedha za harusi, za matanga, za kumalizia nyumba za matofali kule Fuoni. Mimi na mwenzangu tumeamua kulipa kila mwezi posho ya kijana mmoja, wa kike au wa kiume, atakayekaa chini ya fundi wa chokaa mpaka aive. Tunawaomba wenzetu wa Muscat, London na Toronto nao wafanye hivyo. Msituchagulie mtoto wa ndugu kwa kuwa ni ndugu. Mchagueni mwenye mkono wa kazi na subira, kisha mtuandikie jina lake na la fundi wake. Fedha ziko tayari.

Wasalaam,
Binti yenu, Seoul