Stesheni ya mwisho wa reli

Msomaji, ukifika Mombasa hebu siku moja ishike barabara ya Haile Selassie, upite Mwembe Tayari, uende nayo mpaka ikukomee. Hapo ndipo penye stesheni ya zamani ya garimoshi. Usitarajie jumba la fahari. Ni stesheni ya kiasi tu, lakini Nairobi unakoishi ilizaliwa na reli iliyoanzia kisiwa hiki.

Kabla ya reli kubwa palikuwa na kijireli. Mwaka 1890 kampuni ya Waingereza ya IBEA ilianza kutandika reli nyembamba ya kwenda bara, ikachoka baada ya maili chache. Vyuma vyake havikutupwa. Vilitandikwa mitaani Mombasa, vikapita juu yake vitoroli vya abiria vilivyosukumwa kwa mikono: bwana ameketi kivulini, maskini anatoka jasho nyuma!

Reli yenyewe ilianza 1896 chini ya mhandisi George Whitehouse, ikafika Nairobi 1899 na Kisumu mwishoni mwa 1901. Vibarua zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka Bara Hindi, na wapatao 2,500 walifia kazini.

Waliosafiri zamani wanaikumbuka safari ya usiku. Garimoshi liling'oa nanga saa moja jioni. Daraja la kwanza lilikuwa na vitanda viwili chumbani, la pili vinne, wanaume mbali na wanawake mbali. La tatu? Kaa ulivyo mpaka kuche. Wakati wa ukoloni madaraja hayo yalikuwa pia ya rangi: Mzungu la kwanza, Mhindi la pili, Mwafrika la tatu. Asubuhi ulishuka katikati ya mji, ukachukua mzigo wako ukaenda zako Majengo kwa miguu. Mimi naona upole ule wa mwendo ulikuwa huduma. Ulilala njiani, hukulipia gesti.

Safari hizo zilikoma Aprili 2017. Mwezi uliofuata, tarehe 31 Mei, ilizinduliwa reli mpya ya kisasa, kilomita 472, upana milimita 1,435 badala ya 1,000 za ile kongwe. Stesheni yake ya Mombasa iko Miritini, na Miritini, msomaji, si kisiwani. Mwendo umekuwa wa saa tano hivi, jambo zuri sana, lakini mji umebaki ng'ambo ya Makupa. Hamali na madereva wa teksi waliongoja abiria pale mjini, riziki yao ilihama bila kuwaaga.

Kwa hiyo ukipanga kuwapeleka watoto kwa nyanya yao likizo hii, usitazame bei ya tikiti peke yake. Ongeza nauli ya kutoka Miritini hadi mlangoni, kwa kila kichwa. Tena angalia saa. Garimoshi la mchana hukufikisha jioni, matatu bado zipo. Lile la usiku hukushusha kabla ya alfajiri, na mama mwenye watoto watatu na mabegi hapaswi kuanza kubishana bei gizani. Afadhali mjomba aambiwe mapema aje kuwapokea.

Fika stesheni saa nzima kabla, na kitambulisho mkononi. Mizigo hupangwa chini kwa mstari ikanuswa na mbwa kabla hujaruhusiwa kuingia, na foleni hiyo haina mkubwa wala mdogo.