Usukani Ukitetemeka, Usikubali Kuambiwa "Ni Kawaida"

Leo naacha kompyuta kidogo.

Nilikuwa natoka Homa Bay kwenda Migori na 4x4 mpya niliyoichukulia mkopo wa sacco. Karibu na Rongo, mwendo 80, nikagonga shimo na usukani ukaanza kunicheza mikononi. Haukutulia mpaka nikashuka hadi 40. Walioniuzia wakasema ni kawaida ya magari yenye ekseli nzima mbele, watanifungia shokamzoba nyingine ya usukani.

Nilikataa. Shokamzoba hunyamazisha mtetemo tu, sawa na programu iliyofichwa ujumbe wa kosa. (Nimewahi kuandika programu za aina hiyo, najua.) Tafuta chanzo, kimoja kimoja, ukibadilisha vitu vitano pamoja hutajua kipi kilikuwa kibovu.

Nilianza na rimu. Udongo mweusi wa Lambwe ulikuwa umekaukia ndani, upande mmoja. Nikaosha, nikapima upepo, nikafanya balansi: mtetemo ukapungua, haukuisha. Fundi wa Rongo akainua gurudumu kwa jeki, akalishika juu na chini, likacheza. Beringi za kingpini zimelegea, na gari lina kilomita 3,000!

Video nimewatumia wauzaji. Waranti bado ipo. Nasubiri jibu.